Binamu umeniuliza uje Nairobi au usije, nakujibu bila kuficha

Binamu yangu, na nyie wadogo zangu mliodakia hapo hapo, samahani kwa kuchelewa, wiki mbili naandika nafuta naandika nafuta. Swali lako lilikuwa fupi: umepata ofa ya kazi Nairobi, mshahara 120,000 za Kenya, ukizipiga mara ishirini inakuja milioni mbili na laki nne za kwetu, na mama mkubwa anasema usijiulize mara mbili, dada yako si yuko huko miaka sita na anaishi vizuri. Halafu mdogo wangu akaongeza la kwake, kwamba harusi ya kaka sikuja na siku hizi nikipigiwa mchana sipokei, labda nimeshakuwa mtu wa Nairobi nimewasahau. Hilo liliniuma. Nitajibu yote kwa pamoja maana jibu lake ni moja.

Najua yupo atakayesema Nairobi nayo si ughaibuni, si unapanda basi tu Tanga unavuka Horohoro unalala njiani asubuhi umefika. Sawa, lakini ukiwa hapa wewe ni mgeni, unatembea na kitambulisho cha mgeni, na kibali chako cha kazi, kile cha daraja D, kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Mwajiri akisema basi na kibali kimekwisha kazi yake. Mwenzangu wa Kakamega akipunguzwa leo, kesho anaamka anazunguka na vyeti vyake mjini kwao. Mimi nikipunguzwa naanza kuhesabu siku, halafu nitafute mwajiri ambaye atakubali kuanza upya safari ya kibali kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hili hamlijui kwa sababu sijawahi kuwaambia, nikipiga simu nasema tu niko poa alhamdulillah.

Ofisi yetu iko Westlands, ya wageni, makao makuu yako mbali huko, hapa ni ofisi ya kanda tu. Jina silitaji. Niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili cha kwetu, wateja wa Tanzania walikuwa wanaongezeka na wakipokelewa na mtu wa kwao wanatulia. Nilipoingia sakafu yetu ilikuwa na watu 64, leo tuko 27.

Mara ya kwanza walipopunguza watu bosi mkubwa alipanda ndege akaja mwenyewe, akatukusanya, sauti inamtetemeka, akasema inaumiza lakini ni mara moja tu, tukimaliza hapa tunajenga upya. Tulilia pamoja na tulimwamini. Walioondoka tuliwachangia, tukawapeleka kula nyama Kikopey, tukapiga picha. Mimi naona kampuni haikuvunjika siku ile, ilivunjika mara ya pili, miezi minane baadaye, kwa imeili ya asubuhi isiyo na hata jina la mtu chini. Pale ndipo watu walijua ile "mara moja tu" haikuwa na maana, na tangu hapo ukitoka mitingi wakasema mambo yako sawa ndio watu wanaogopa zaidi. Mara ya tatu hawakusema chochote. Ni mwaliko tu kwenye kalenda, dakika 15, chumba kidogo cha mwisho karibu na lifti, na imekuwa daima ni Alhamisi. Sasa hivi hata hatuhesabu awamu, wanaenda wawili, watatu, wiki nyingine hakuna mtu, halafu mmoja. Ofisini watu wanaulizana "leo wamebeba nani?" kwa sauti ya chini kama wanauliza habari za msiba.

Niwaeleze kitu kimoja kidogo mnielewe. Saa nne asubuhi tuna chai, ipo mama mmoja mtu wa Murang'a anatuletea na mandazi kwenye hoti poti kubwa ya bluu. Zamani ukichelewa dakika tano unakuta mafuta tu kwenye tishu. Baada ya ile mara ya pili mandazi yakaanza kubaki, yule mama hakuna aliyemwambia kitu, aliendelea kuleta idadi ile ile, anaondoka nayo yamepoa. Siku moja akaniuliza, "madam, watu wako wameacha kula ama wameenda?" Nikashindwa kumjibu. Wiki iliyofuata mandazi yalikatwa kupunguza gharama, na yeye akawekwa nusu siku. Chai ipo bado, lakini watu wanachota wanarudi kwenye viti vyao, hakuna anayesimama kupiga soga, maana ukionekana umesimama unaona kama mtu anaandika mahali.

Na ndio sababu ya simu. Mchana simu ikiita moyo unaruka kwanza, ninageuza uso wa simu chini hata sijaangalia ni nani. Sio dharau mdogo wangu, wallahi sio dharau.

Harusi sasa. Kaka alioa Agosti na mimi nilikuwa na siku 19 za likizo zimekaa. Sheria ya Kenya inakupa siku 21 kwa mwaka, lakini ofisini kwetu hakuna anayezigusa. Julai kuna mwenzetu alikwenda kwao Kisii kumzika baba yake, amerudi Jumatatu kadi haifungui geti, askari anayemjua miaka minne anamwambia "pole sana mkubwa, ngoja hapa kidogo" na yeye amesimama pale na mkoba wake wakati sisi tunapita. Tulipita, binamu. Hakuna aliyesimama naye. Mimi nilimwangalia nikapita, na usiku ule nilijua siji harusini. Hofu imetufanya watu ambao hatukuwa. Tulikuwa tunagombania kiti cha dirishani kwa vicheko, leo mtu akiitwa, wa jirani anahesabu kimoyomoyo, kama ni yeye basi labda sio mimi wiki hii, halafu anajichukia kwa kuwaza hivyo.

Jirani yangu wa meza alipoondoka, imeili zake zilielekezwa kwangu, na wateja wake wote nikapewa mimi juu ya wangu. Mshahara ule ule. Wateja wa Arusha wanaandika mpaka leo, "habari za siku dada, mapacha wameanza shule?" Wanadhani wanamwandikia yeye. Mara ya kwanza nilijibu kwamba ameondoka, mteja akauliza ameenda wapi, nikaambiwa nisitoe maelezo. Basi siku hizi nasoma salamu zake naruka najibu la biashara tu. Mapacha wameanza shule ndiyo, najua kwa sababu aliniomba nimkopeshe ada.

Kuna jambo lingine ambalo kwenu mtalielewa vizuri kwa sababu na kwetu lipo. Hapa watu wengi maofisini wanakopa kwenye sacco, na mkopo unadhaminiwa na wenzako, akiba zenu ndio zinashika mkopo wake, makato yanatoka moja kwa moja kwenye mshahara. Uzuri wake ni kwamba unapata hela bila hati ya shamba. Lakini mshahara ukikatika makato yamekatika, na akishindwa kabisa sacco inageukia akiba za wadhamini. Mimi nilidhamini wawili. Wote wameondoka. Mmoja analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa kwa uaminifu mkubwa Mungu ambariki, mwingine simu yake haipatikani, na sina kinyongo naye kwa sababu ana watoto watatu, ila ile akiba ndiyo niliyowaambia nitamalizia nayo paa la nyumba ya mama. Mkiona paa halijaisha, ndio hilo. Na ukimwona mtu wa ofisi yetu anaumia rafiki yake kuitwa, ujue kuna upendo na kuna mkopo, vyote viwili, na sio aibu kusema hivyo.

Wala msidhani ni kwetu tu. Mji huu umepitia mengi. Sendy ya usafirishaji ilifunga 2023, Copia ya kuuza bidhaa kupitia mawakala ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni Mei 2024, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada na watu wa miradi ya afya wakaambiwa wasimame kazi ndani ya wiki moja, wauguzi, madereva, watu wa takwimu. Kwenye ploti ninayokaa Kinoo nyumba nne zilikuwa na watu wa miradi ile. Mmoja alinigongea kuniuzia friji yake, nikanunua, kila nikifungua namkumbuka.

Hesabu ya pesa nitaipitia haraka. Hizo 120,000 usizipige mara ishirini hata siku moja. Toa kodi ya mapato, NSSF, ile ya afya SHIF asilimia 2.75, ya nyumba za serikali asilimia 1.5, unabaki na 80,000 na kitu. Chumba na sebule maeneo ya kwangu 22,000, nzuri ya hapa ni kwamba unalipa mwezi mwezi na dipoziti, hawakuombi kodi ya miezi sita kwa mpigo kama Dar. Ubaya wake ni kwamba tarehe tano ya mwezi inakuja haraka sana ukiwa huna uhakika wa mwezi ujao. Matatu, tokeni za umeme (luku ya huku), maji, chakula, na nyumbani. Inatosha, sisemi haitoshi. Kilichonichosha ni kupanga maisha kwa wiki, Alhamisi hadi Alhamisi, mtu wa miaka 34.

Sasa sheria, hapa nataka usome taratibu maana watu wengi wameumia kwa kutojua. Kenya kuna Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Kukupunguza lazima wakuandikie wewe na afisa wa kazi, au chama cha wafanyakazi kama uko kwenye chama, mwezi mmoja kabla, wawe na vigezo vya kuchagua nani aende, wakulipe likizo ulizolimbikiza, wakulipe notisi, na juu yake siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza. Mimi miaka sita ni siku 90. Kwetu Tanzania ni siku 7 kwa mwaka na mwisho wanahesabu miaka kumi, kwa hiyo kwenye karatasi huku ni bora, nakubali. Tatizo ni lile karatasi lingine wanalokupa kwenye chumba cha karibu na lifti, limeandikwa makubaliano ya kuachana kwa hiari, kalamu iko juu, na mtu wa HR anakwambia kwa upole ukisaini leo hela inaingia Ijumaa. Watu wanasaini. Umeogopa miezi kumi, mtu anakupa kitu cha kumaliza uoga, unasaini tu. Jirani yangu alisaini bila kusoma ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ndio ulikuwa unasema hana dai lingine lolote. Mtu akikupa karatasi mwambie naenda nayo nyumbani. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku hiyo hiyo.

Basi, uje? Kama ungeniuliza mwaka wa kwanza ningekwambia panda basi leo. Nairobi imenifundisha kazi, nilikuja naogopa kuongea kwenye mitingi nikawa naongoza watu kumi na moja, na wenyeji wamenilea, nilipougua homa ya matumbo yule yule jirani wa meza alilala kwangu siku tatu ananipikia uji. Siwezi kuusema mji vibaya. Ninachokuomba, kabla hujajibu hao watu, waulize hiyo nafasi ni mpya au kuna mtu alikuwa ameikalia, na kama alikuwepo ameenda wapi na lini. Waulize kibali nani anakilipia na mkataba ni wa muda gani. Omba uongee na mtu mmoja wa idara hiyo, sio HR, mtu wa kawaida, na umsikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Wakikataa kukupa mtu wa kuongea naye, baki hapo Tanga kwanza, hicho unacholipwa hakikunyimi usingizi. Wakikupa majibu ya kueleweka njoo, utafikia kwangu, kitanda kipo. Na ukija weka pembeni nauli ya kurudi na kodi ya miezi mitatu kabla hujatuma senti nyumbani, nitawaambia mimi wakubwa wasikudai.

Mama bado hajui lolote katika haya na naomba mniachie nimwambie mwenyewe. Nimeomba likizo ya Disemba, siku zote 19, nimetuma jana usiku kabla sijapoteza ujasiri. Bado hawajajibu. Mdogo wangu, Alhamisi hii nipigie saa kumi na moja jioni nikiwa nimeshatoka, nitapokea.