Mutura, damu na barua ya Yerusalemu

SWALI: Jirani yangu hagusi mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Anasema Matendo 15:29 inakataza damu. Nami humjibu kwamba yote hayo yaliisha Petro alipoonyeshwa ile nguo kubwa yenye wanyama na kuambiwa achinje ale, kule Yafa. Nani kati yetu amekosea? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Jirani yako amesoma mbele zaidi yako. Maono hayo ya Petro yako Matendo sura ya 10, na Petro mwenyewe anayafafanua katika mstari wa 28: asimwite mtu yeyote najisi. Aliyekuwa akisubiri ni Kornelio, akida wa Kirumi, na swali lilikuwa kama Myahudi anaweza kuingia kwake na kukaa naye mezani. Wala halikuisha siku hiyo. Wagalatia 2 inaeleza jinsi Petro alivyokuwa akila na watu wa Mataifa (wasio Wayahudi) huko Antiokia, kisha wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye akajitenga. Paulo akamkaripia mbele ya wote.

Matendo 15:29 ni sehemu ya barua iliyotoka kwenye mkutano wa mitume huko Yerusalemu, yapata mwaka 49. Inataja mambo manne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa na uasherati. Nguruwe hayumo, samaki wasio na magamba hawamo. Ukitaka kujua kwa nini manne hayo, fungua Walawi 17 na 18, ambako mgeni akaaye kati ya Waisraeli naye anabanwa na sheria. “Zilizosongolewa” huwasumbua wengi bure: mnyama aliyenyongwa hakukatwa koo, damu imebaki ndani ya nyama. Ni suala lile lile la damu.

Nyama ya sanamu ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu baadhi ya iliyochinjwa hekaluni iliishia buchani. Paulo anawapa Wakorintho utaratibu (1 Kor 8 na 10). Sokoni, nunua bila kuuliza-uliza. Ukialikwa nyumbani, kula ulichoandaliwa. Mtu akikuambia kimetolewa sadaka, acha, kwa ajili ya dhamiri yake, si yako. Kwenye karamu ya hekaluni usikae kabisa. Makosa huja mtu akichukua kanuni ya sokoni na kuipeleka hekaluni. Ufunuo 2 unawakemea watu wa Pergamo na Thiatira kwa ulaji huo.

Sasa mutura. Yapata mwaka 197, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, aliandika kwamba watesi waliwajaribu Wakristo kwa kuwapa matumbo yaliyojazwa damu, wakijua fika kwamba hawatakula. Mutura hasa! Miaka ishirini hivi nyuma yake, mwaka 177, Biblis wa Lyon, aliyeuawa kwa ajili ya imani, aliwajibu waliowazushia Wakristo kula watoto: tutawalaje, na hata damu ya mnyama haturuhusiwi kuionja?

Katazo hilo liliachwa polepole, na upande mmoja tu wa Kanisa. Yapata mwaka 400 Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anasema Wakristo wa kwao hawaogopi tena sungura aliyeuawa kwa pigo la shingo, na anayeogopa huchekwa na wenzake. Kwake yeye, agizo lile lilikusudiwa kuwaunganisha Wayahudi na Mataifa, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Makanisa ya Mashariki hayakukubali: mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Trullo, mwaka 692, ukaikataza damu upya. Magharibi, mtaguso wa Florence ukatamka mwaka 1442 kwamba agizo lilikuwa la wakati wake.

Kwa hiyo hoja yako ina msingi, ila si ile nguo ya Yafa. Na siku ukimwalika jirani, mchomee mbuzi wa kawaida, mutura ikae jiko lingine.

SWALI: Je, Wasabato wanakataa kitimoto (nyama ya nguruwe) kwa sababu ya barua hiyo hiyo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Wao hutegemea Walawi 11, mnyama mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua. Nguruwe ana la kwanza, la pili hana. Waorthodoksi wa Ethiopia nao hawamli.