Miguu kwenye kayaki ya mbio inafanya kazi, tena kubwa

Umeuliza kama miguu inasaidia kitu kwenye kayaki za mbio au ni mikono tu. Inasaidia sana aisee. Fikiria hivi, kasia halijafungwa popote kwenye boti, unalishika wewe, kwa hiyo ukilivuta kwenye maji wewe ndo unasukumwa mbele, na boti itaipata hiyo nguvu kupitia sehemu mbili tu, kiti na ule ubao unaoukanyaga kwa miguu. Ukilegeza miguu mwili unateleza kwenye kiti na nguvu inaishia hapo.

Sasa angalia mtu wa mita 200 kwa karibu: kasia likiingia kulia, goti la kulia linanyooka, nyonga ya kulia inarudi nyuma, kiwiliwili kinazunguka nacho, na mguu wa kushoto unavuta mkanda uliopo pale kwenye ubao. Huko kuvuta mkanda kunairudisha boti nyuma kidogo, ndo hesabu ilivyo, ila nyonga inazunguka vizuri zaidi so inalipa.

Kosa ninaloliona sana ni timing, mtu anasukuma mguu kabla bleidi, yaani ile sehemu pana ya kasia inayoingia majini, haijazama yote, hapo unakanyaga bure tu. Zamisha kwanza, ndo ukanyage. Na kasia usilivute moja kwa moja nyuma, hizi bleidi za umbo la bawa zinataka ziende nje kidogo, mbali na boti, ndo zinashika maji.