Kazi za Nyumbani za Historia ya Marekani: Anzeni kwa Kutafuta Ugomvi

Wazazi wengi waliohamia Marekani wakiwa wamesomea Nairobi, Bukavu au Kigoma hukata tamaa mapema mtoto anapoleta nyumbani kazi ya historia ya karne ya 18, kwa sababu wao wenyewe hawakufundishwa habari za Boston wala Philadelphia. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia jioni watoto wa ndugu na majirani katika fasihi, historia na uraia, na nimeona kwamba kabla ya kutafuta jibu ni afadhali kutafuta ugomvi. Maswali mengi ya masomo haya yametokana na watu walioshindwa kukubaliana, na mtoto akishajua nani alimpinga nani, na kwa hofu gani, tarehe na majina hayamsumbui tena.

Chukua swali la kawaida: kwa nini kila jimbo lina maseneta 2, liwe kubwa au dogo? Jibu la kitabuni ni sentensi moja ambayo mtoto huinakili bila kuielewa. Mimi humfanya mjumbe wa Virginia, jimbo lililokuwa na watu wengi kuliko yote, katika mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787 uliotunga Katiba ya Marekani, na ndugu yake humfanya mjumbe wa New Jersey, kisha huwaacha wabishane kwa Kiswahili. Mmoja hudai viti vigawanywe kwa idadi ya watu. Mwenzake husema kwamba hapo jimbo lake litamezwa. Wakishachoka ndipo hufungua kitabu na kuona mapatano yaliyofikiwa, yaani Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu na Seneti iwe na usawa. Mzazi aliyetoka Kenya ana la kuongezea hapa, kwa kuwa huko nako kila kaunti kati ya 47 huchagua seneta 1 bila kujali ukubwa wake.

Msiishie hapo, kwani ukisema watu wahesabiwe, lazima uulize ni watu gani. Katiba ile iliwahesabu watumwa kwa sehemu 3 kati ya 5, na karibu kila mtoto niliyekaa naye hudhani kwamba wenye watumwa ndio waliotaka hesabu hiyo iwe ndogo. Mambo yalikuwa kinyume: wajumbe wa kusini walitaka wahesabiwe wote, ili majimbo yao yapate viti vingi zaidi, ilhali watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Mtoto akilielewa hili, insha yake hubadilika.

Katika fasihi mbinu ni ileile, ila ugomvi huwa umejificha ndani ya maneno. Phillis Wheatley aliletwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto mtumwa, na kitabu chake cha mashairi kilichapishwa London mwaka 1773. Shairi lake kuhusu kuletwa kutoka Afrika lina mistari 8 tu, na muhtasari wa intaneti mara nyingi husema kwamba anashukuru, basi. Lisomeni kwa sauti. Mstari wa 5 unawataja wanaowadharau watu weusi, na wa 7 unawaamuru Wakristo wakumbuke jambo. Mwulize mtoto: mtu anayeshukuru tu, amri hiyo ya nini?

Akishaeleza kwa Kiswahili, na aandike kwa Kiingereza mwenyewe, hata kama sentensi zitapinda. Makosa ya sarufi mwalimu atayaona, lakini insha iliyoandikwa na mzazi haimwonyeshi mwanafunzi amekwama wapi. Na ikiwa wewe mzazi unajiandaa kwa usaili wa kuomba uraia, fahamu kwamba mihimili 3 ya serikali, Seneti na Katiba ni mambo yanayoulizwa huko pia, kwa hiyo mpe mtoto kitabu chake na umruhusu awe mtahini wako.