Chupa za kale kwenye shimo la choo cha zamani

Ndugu, nimekuelewa: nyumba uliyopanga huko Ohio, Marekani, ni ya miaka ya 1880, nyuma yake kuna mahali pamebonyea, na unataka kuchimba utafute chupa. Dalili hiyo ya shimo la choo cha zamani ni nzuri. Choo cha shimo kilikuwa jalala la nyumba pia, na uchafu wa enzi hizo umeshageuka udongo.

Kwanza pata ruhusa ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Kisha piga 811, namba ya simu ya huko Marekani ya kutoa taarifa kabla ya kuchimba, waje kuweka alama palipo na mabomba ya gesi na nyaya, ni bure.

Choma ardhi kwa nondo nyembamba. Ikizama kirahisi halafu ukasikia inakwaruza kioo, hapo ndipo. Ukikaribia, weka beleshi pembeni, vaa glavu nene utumie mikono.

Ninachokusihi sana ni kuta za shimo. Mimi nilikuwa nimefika kifuani upande mmoja ukaporomoka, ukanibana miguu. Mwenzangu ndiye aliyenitoa. Usichimbe peke yako, na usivuke mita 1.5 bila kuegemeza kuta kwa mbao. Chupa yenye dawa ndani usiifungue. Ukijikata, nenda hospitali siku hiyo hiyo, waulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ukishaitoa chupa, tazama mshono wa ubavuni, yaani mstari ulioachwa na kalibu. Ukiishia shingoni kabla ya kufika mdomoni, mara nyingi hiyo ni ya kabla ya kuenea kwa mashine ya kutengeneza chupa ya Michael Owens, iliyobuniwa hapo hapo Ohio, mjini Toledo, mwanzoni mwa miaka ya 1900.