Viongozi wa Afrika waliofariki Oktoba

Kwa aliyeuliza ni viongozi gani wa Afrika waliofariki Oktoba na kwa nini tarehe hazilingani: Rwagasore wa Burundi alipigwa risasi na kufa Usumbura (sasa Bujumbura) tarehe 13, 1961, wiki mbili tu baada ya kuwa waziri mkuu. Nyerere alifariki tarehe 14, 1999, London, katika hospitali ya St Thomas', kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 77. Ukiona 23 Oktoba, hiyo ni siku aliyozikwa Butiama. Watu huchanganya sana hapo. Sankara, rais wa Burkina Faso, aliuawa Ouagadougou tarehe 15, 1987, pamoja na wenzake 12. Alikuwa na miaka 37 tu, na hukumu ya kesi ya mauaji yake ilitoka 2022.

Machel, rais wa Msumbiji, ndiye anayekosewa tarehe zaidi. Ndege yake, Tupolev Tu-134, ilikuwa inarudi Maputo kutoka Zambia, ikaanguka Mbuzini upande wa Afrika Kusini usiku wa tarehe 19, 1986. Habari zilitangazwa kesho yake, kwa hiyo wengine huandika 20. Andika 19. Ndadaye, rais wa Burundi, naye: mapinduzi yalianza usiku wa kuamkia 21 Oktoba 1993, akauawa tarehe 21, miezi mitatu na siku chache tangu aapishwe.

Ukitengeneza orodha yako, weka safu tatu tofauti: kufariki, kutangazwa, kuzikwa. Ongeza na Sadat, rais wa Misri, tarehe 6, 1981, Kairo, aliyeuawa kwenye gwaride la kijeshi.