Skana inashika kituo, gari haisikiki
Kaka, kama hapo Bukavu unasikia kituo kikiita ambulansi lakini dereva akijibu ni mvumo mtupu, skana yako, yaani redio ya kusikiliza mawasiliano ya wengine, haina kosa. Antena ya kituo iko juu. Ya gari iko chini, nyuma ya kilima, na mawimbi yao ya redio, VHF, hayapindi kona. Achana na kile kiantena cha mpira cha skana. Kwa masafa ya megahezi 155 hivi, kata waya wa shaba sentimita 46, uusimamishe juu ya paa, ukiungwa kwenye kiini (waya wa katikati) cha kebo inayoshuka kwenye skana. Nyaya nne za urefu uleule ziungwe kwenye wavu wa nje wa kebo hiyo, ziinamie chini digrii 45. Wavu ukigusa kiini, utapata kimya. Ukisikia mkwaruzo wa mfululizo, kama cherehani, hiyo ni dijitali, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu: antena haitakusaidia.