Taa ya betri na ya breki zinawaka pamoja, baza (kile kipaza mlio cha onyo) nayo hainyamazi

Kaka, unauliza kama ubadilishe dashibodi ya Nissan 300ZX yako kwa sababu ya taa hizo na baza. Haihitaji dashibodi nyingine. Kagua kwanza mafuta ya breki na handibreki, hayo hayana mzaha. Yakiwa sawa, mshuku altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka: kwenye Nissan za umri huo, taa hizo mbili kuwaka hafifu kwa pamoja ni dalili yake. Pima betri kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.6 hivi, ikinguruma, 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na pointi, huenda brashi za kaboni za altaneta zimeisha au dayodi yake (inayogeuza umeme uweze kuchaji betri) imekufa. Mafundi wako Kirinyaga Road, Nairobi.

Baza inayolia mlango umefungwa? Tazama swichi ya mlango, ile pini yenye kofia ya mpira kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mpira ukilika, pini haibonyei hadi mwisho. Chomoa waya wake: baza ikinyamaza, swichi ndiyo mbovu. Ikiendelea, huenda waya umechunika, unagusa bodi ya gari.